Barua ya wazi kwa mkuu wa dawati la misamaha ya umri: jaza kisanduku cha tarehe

Mheshimiwa,

Salaam, na pole na majukumu. Hatukutaji jina wala dawati lako, maana nia yetu si kukuanika, lakini unajijua. Mafaili ya watu wanaoomba kuwa marubani wa helikopta katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, huku umri ukiwa umewabana au umewapita kidogo, hupitia mikononi mwako kabla hayajafika mbele ya kamati ya uteuzi. Sisi ndio tunaoyaandaa. Tunayajua ukurasa kwa ukurasa. Tumevumilia kwa adabu zote: tumekumbusha kwa barua pepe, tumepiga simu, tumejibiwa "linashughulikiwa" mpaka neno lenyewe limeota mvi.

Kilichotutoa kimyani ni faili moja lililorudi wiki iliyopita. Lilikuja na maneno mawili tu, "Amevuka umri", bila sababu wala jina la aliyeandika. Ni kweli, amevuka: kamati ilikaa siku tisa baada ya mwombaji kutimiza miaka 33. Ila faili lilipotoka kwetu alikuwa na miaka 32 na miezi saba, kila karatasi ikiwa mahali pake, na ukurasa wa tatu ulikuwa barua ya kuomba msamaha wa umri. Tuliiweka kwa tahadhari, maana kalenda zenu tunazifahamu. Barua hiyo haikuguswa hata kwa neno. Na kwenye karatasi ya jalada, pale juu kulia, kisanduku cha tarehe ya kupokelewa ni cheupe pe. Hakuna aliyeandika hata tarakimu moja. Ukilitazama faili hilo leo utadhani lilifika na kurudishwa siku hiyohiyo, kama barua iliyokosea anwani. Ile miezi mitano haipo popote.

Tukukumbushe kanuni, ingawa bila shaka unaijua kuliko sisi. Kwa raia anayeomba kuingia moja kwa moja kwenye urubani wa afisa mteule ("warrant officer", cheo kilicho kati ya askari wa kawaida na afisa mwenye kamisheni), sharti ni kwamba awe ametimiza miaka 18 anapoomba, na asiwe ameipita siku yake ya kuzaliwa ya 33 kamati inapokaa. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayoua watu. Kanuni haisemi "anapoomba" wala "faili linapopokelewa". Inasema kamati inapokaa. Jeshi la Anga lina mtindo wake: kikomo chao kilikuwa miaka 30, wakakisogeza hadi 33, lakini kwao kinachohesabiwa ni siku ya kuanza mafunzo ya urubani, si siku ya kuchaguliwa. Njia mbili, ugonjwa mmoja. Anayepanga kikao ni ofisi, anayepanga darasa ni ofisi, na anayezeeka ni mwombaji.

Tunasikia mara kwa mara, tena kwa sauti ya kuchoshwa, kwamba hawa watu "walichelewa kuamua". Mheshimiwa, hebu tuupitie muda unakokwenda.

Kwanza kuna mtihani wa SIFT, ule wa kuwachuja wanaotaka mafunzo ya urubani, sehemu saba. Ya michoro myepesi ina maswali 100 kwa dakika 2. Ya maumbo yaliyofichwa ina maswali 50 kwa dakika 5. Baada ya hapo ndipo zinakuja elimu ya urubani wa jeshi, kutambua mkao wa ndege angani, kusoma na kuelewa, hesabu na mekanika. Kipimo ni kuanzia 20 hadi 80, na alama ya chini kabisa inayokubalika ni 40. Ukipita, huruhusiwi kurudia ili kupandisha alama. Hata ukipata 41, hiyo 41 ni yako mpaka kaburini. Ukifeli, una nafasi moja tu iliyobaki, tena baada ya kusubiri. Kwa masharti hayo, mtu wa miaka 31 anayetumia miezi mitatu kujifunza hajazembea. Mzembe ni yule anayekwenda kichwa kichwa.

Halafu uchunguzi wa afya ya urubani, daraja la kwanza. Hapa ndipo miezi inapoliwa, na ndipo tungependa usome taratibu.

Mwombaji hapimwi na daktari yeyote. Lazima awe daktari wa anga wa jeshi, naye yuko kambini, na nafasi zake kwa raia ni za kuokoteza. Mwombaji huchukuliwa damu na mkojo, hupimwa moyo kwa mashine, husikilizishwa milio ndani ya kibanda. Hupimwa mwili kwa sentimita: mikono ikinyooshwa pande zote isipungue 164 kutoka ncha hadi ncha, kimo cha kutoka sakafuni hadi maungio ya mapaja kisipungue 75, na kimo cha kukaa kisizidi 102. Anayekosa sentimita moja hajamalizika. Anaweza kupelekwa kukaa ndani ya chumba cha rubani chenyewe ili ionekane kama anafikia pedali na swichi. Lakini hiyo ni safari nyingine na ni wiki nyingine.

Kisha macho. Anatiwa matone yanayolegeza ule msuli wa ndani ya jicho unaokaza lenzi ili mtu aone karibu. Sababu ni kwamba jicho lenye kasoro ya kutoona vizuri vitu vya karibu, likiwa bado changa, huificha kasoro kwa kujikaza. Litasoma ubao wote vizuri na daktari asijue kitu. Msuli ukilegea, siri inatoka. Sharti ni kwamba bila miwani asiwe chini ya 20/50 (yaani asome kwa futi 20 kile ambacho jicho zima husoma kwa futi 50), akiwa na miwani afike 20/20, na kwa kasoro hiyo ya vitu vya karibu lenzi ya kumrekebisha isizidi +3.00. Baada ya matone mboni zinakaa wazi kama sahani, mwanga wa dirisha unachoma, na saa kadhaa zinapita kabla hajaweza kusoma ujumbe kwenye simu yake. Tunalieleza hili kwa kirefu kwa sababu moja, Mheshimiwa: wengi hushtukizwa hapa. Aliyejiona mzima maisha yote anaambiwa ana kasoro. Akichagua kufanyiwa upasuaji wa leza, lazima asubiri kidonda cha jicho kitulie miezi kadhaa, apimwe tena, ripoti ya kabla na baada ya upasuaji iambatishwe, ndipo dirisha lifunguke upya. Umri wake haujasubiri kidonda kipone.

Na saini ya yule daktari wa kambini haimalizi kazi. Faili la afya linakwenda kwenye kituo cha tiba ya anga kilichopo Fort Rucker, Alabama, na neno la mwisho ni lao. Wao nao hulirudisha. Shinikizo la damu lilisoma juu siku moja, pengine kwa sababu ya kikombe cha tatu cha kahawa na woga: leteni vipimo vya siku kadhaa mfululizo. Utotoni aliwahi kupewa dawa ya kuvuta ya kifua: leteni kumbukumbu za hospitali, ambazo huenda ziko kwenye sanduku la mzazi au zilishateketezwa. Mfupa uliovunjika akiwa shuleni: leteni picha. Hatulalamikii hayo. Ndege haitaki masihara, na kumpa ruhusa mtu ambaye moyo wake utagoma angani ni kuwaua na abiria wake. Tunachosema ni kwamba muda huu ni wa jeshi, umetumiwa na jeshi, kwa sababu za jeshi, halafu mwisho anayetozwa ni mwombaji.

Hata karatasi zenyewe zina tarehe za kufa. Uchunguzi wa daraja la kwanza ni halali miezi 18. Barua za mapendekezo zikikaa sana zinadaiwa upya, na yule kanali aliyeandika amekwisha hamishwa. Fomu ya maombi ya kuteuliwa ikibeba saini ya zamani inarudishwa isainiwe tena. Inatokea faili likarudi mara ya tatu, si kwa kosa lolote jipya, ila kwa sababu karatasi ya kwanza imeoza wakati tukitafuta ya mwisho.

Sasa kitanzi chenyewe, ambacho umeelezwa zaidi ya mara moja. Dawati lako linasema halitatazama ombi la msamaha wa umri mpaka uchunguzi wa afya uwe umekamilika. Wanaogawa nafasi za uchunguzi wanasema hawatampa nafasi mtu aliyekaribia au aliyevuka kikomo mpaka alete msamaha. Mwombaji anapigwa danadana kati ya milango miwili, na kila mlango una ufunguo wa mwenzake. Tunahisi hakuna aliyekaa chini akaupanga uovu huu. Pengine kila upande unaogopa kupoteza nafasi au saa za kazi kwa mtu ambaye upande wa pili utamkataa. Tunaelewa woga huo. Lakini tulipouliza ni yupi kati yenu aanze, tulijibiwa "fuateni utaratibu". Utaratibu upi, Mheshimiwa, wakati taratibu ziko mbili na zinafukuzana?

Barua ya kuomba msamaha nayo ina makosa yake, na hapa hatutajivua lawama. Mengine ni yetu. Tumeona barua za kurasa nne zilizojaa ndoto za utotoni na picha ya ndege ukutani. Barua nzuri haizidi ukurasa mmoja. Inataja umri kwa miaka, miezi na siku, ukihesabiwa tarehe ya kikao cha kamati, si tarehe ya kuandika. Wengi hukosea hapo, wanaandika "nina miaka 32" na kusahau kwamba kikao kitakapokaa watakuwa 33. Inataja ni sharti lipi hasa linaloombewa msamaha, kwa namba yake. Inasema faida ambayo jeshi litapata: saa za kuruka alizonazo, leseni, utumishi wa awali, alama za SIFT, shahada ya ufundi. Haisemi "naomba mnihurumie". Kamati haigawi huruma. Na kama kuna jambo la pili linalohitaji msamaha, tuseme macho au kosa la zamani la barabarani, linaombewa kwa barua yake lenyewe, maana ukiyafunga pamoja, moja likikwama yote yanakwama.

Haya tumeyasahihisha upande wetu. Barua iliyorudi wiki iliyopita ilikuwa na mistari kumi na saba. Ilikuwa na tarehe tatu za vikao vilivyofuata, na umri wake kwa kila kikao. Tungeiboresha vipi zaidi? Tungeipuliza marashi?

Tusijifanye hatujui kwa nini kikomo kipo. Kufundisha rubani ni ghali mno. Taasisi ya RAND ilikokotoa mwaka 2019 kwamba kumfikisha rubani wa Jeshi la Anga kwenye kiwango cha msingi katika F-16 kunagharimu takriban dola milioni 5.6, na katika F-22 takriban milioni 10.9. Hizo ni ndege za kivita, na helikopta ina hesabu yake, lakini mantiki ni moja: anayelipa anataka kumtumia aliyemlipia. Ndiyo maana kuanzia Oktoba 2020 Jeshi la Nchi Kavu liliongeza deni la utumishi la marubani wapya kutoka miaka 6 hadi miaka 10 baada ya kuhitimu.

Basi tupige hesabu hiyohiyo, maana hesabu haina upendeleo. Mtu anachaguliwa kwa msamaha akiwa na miaka 34. Mafunzo ya askari mpya ni wiki 10. Kuna kozi ya kuwa afisa mteule. Kuna mafunzo ya urubani yenyewe, pamoja na kozi ya kunusurika, kutoka kwenye chumba kilichozamishwa majini, na kusubiri katikati ya hatua, ambako kila aliyepita huko anajua ni kurefu kuliko inavyoandikwa. Tuseme anapata mabawa yake, yaani beji ya urubani, akiwa na miaka 36. Deni la miaka 10 linaisha akiwa na 46. Akitaka kumaliza miaka 20 ya pensheni atakuwa kwenye 54. Afisa mteule huondolewa kwa umri akifika 62. Pesa ya mlipakodi imerudi yote, na bado kuna chenji ya miaka minane.

Kwa upande wa maafisa wenye kamisheni kulikuwa na sheria iliyodai mtu aweze kumaliza miaka 20 ya utumishi kabla ya kutimiza 62, kwa maana nyingine mlango ulifungwa akiwa na 42. Bunge la Marekani lililifuta sharti hilo katika sheria ya ulinzi iliyosainiwa Agosti 2018. Wabunge, ambao kwa kawaida hawakubaliani hata juu ya rangi ya anga, walikubaliana hapo. Kilichobaki kuwazuia marubani ni sera tu, na sera ina kipengele cha msamaha. Msamaha unahitaji mtu afungue ukurasa wa tatu.

Suala la mwili tumelisikia pia. Ni kweli kwamba baada ya 40 lenzi ya jicho huwa ngumu na kusoma kadi ya ukaguzi gizani kunahitaji miwani. Ni kweli masikio hupoteza milio ya juu, na helikopta huyamalizia. Ni kweli mgongo wa mtu mzima haupendi kiti kinachotikisika saa nne. Lakini ndiyo kazi ya ule uchunguzi tuliousimulia: unapima jicho, sikio na mgongo wa mtu huyu, leo. Akifeli, afeli kwa hayo. Na wanaoleta hoja ya nguvu za G (ule uzito unaoukandamiza mwili ndege inapokata kona kwa kasi) kwenye mjadala wa helikopta tunawaomba wairudishe walikoitoa. Hata kwenye ndege za kivita anayehimili G 9 ni yule aliyefundishwa kubana misuli ya miguu na tumbo na kupumua kwa vipindi akiwa na suti yake, si yule mwenye cheti cha kuzaliwa kipya. Mashirika ya ndege ya Marekani yanaruhusu rubani kuendelea hadi miaka 65 tangu Desemba 2007. Kabla ya hapo ilikuwa 60.

Kuna jambo moja tungependa ulitafakari ukiwa peke yako. Kambi hiyo ya Fort Rucker, ambako mafaili yetu ya afya hupelekwa na ambako waliochaguliwa hujifunza kuruka, ilibadilishwa jina mwaka 2023 na kuitwa Fort Novosel, mpaka 2025 iliporudi jina la Rucker. Huyo Novosel ni nani? Ni Michael Novosel, aliyerusha ndege za mabomu aina ya B-29 katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1964, akiwa luteni kanali wa akiba na ana miaka 41, alitaka kurudi kazini. Jeshi la Anga halikumchukua. Maafisa wa vyeo vya juu walikuwa wamejaa. Akakivua cheo chake akaenda Jeshi la Nchi Kavu kuwa afisa mteule, rubani wa helikopta za kuokoa majeruhi. Vietnam aliruka safari 2,543 za uokoaji na kutoa majeruhi 5,589. Tarehe 2 Oktoba 1969, akiwa na miaka 47, alirudi tena na tena chini ya risasi mpaka akatoa askari 29. Alipewa Nishani ya Heshima. Aliendelea kuruka hadi alipostaafu mwaka 1985, na alikuwa na miaka 62.

Tunajua utakavyosema: Novosel alikuwa na mabawa tayari, hakuwa mwanafunzi. Sawa, tunakubali, na hatumlinganishi na kila anayeleta faili. Tunauliza swali dogo tu. Faili lake lingepita kwenye dawati lako leo, lingerudi na maneno mangapi? Mawili?

Na kama unataka mwanafunzi, yupo Eddie Rickenbacker wa Vita Kuu ya Kwanza. Kikomo cha wanafunzi wa urubani kilikuwa miaka 25, naye alikuwa amekivuka. Aliandikiwa umri pungufu akaingia, na akamaliza vita akiwa ameangusha shabaha 26, nyingi kuliko rubani mwingine yeyote wa Marekani wa vita hivyo. Hatupendekezi uongo. Tunasema tu kwamba mahali ambapo mlango halali haufunguki, historia yenu wenyewe inaonyesha watu walivyopita dirishani.

Mheshimiwa, ahadi ni deni. Ulipokutana na waandaaji wa mafaili ulisema kila ombi la msamaha litajibiwa ndani ya siku 30. Hatukukulazimisha, namba uliitaja mwenyewe, tena ulirudia mara mbili ili wa nyuma wasikie. Ulisema anayekataliwa atapewa sababu kwa maandishi. Ulisema uchunguzi wa afya na ombi la msamaha vitaenda sambamba, kisivizie kimoja kingine. Tuliondoka tumefurahi. Tulirudi tukawaambia waombaji wakaze mikanda. Leo wengine kati yao wametimiza 34, na bado wanatuuliza habari za siku 30.

Tulikuwa tumeandika orodha ndefu ya madai. Tulitaka umri uhesabiwe siku faili kamili linapopokelewa. Tulitaka uchunguzi na msamaha viende pamoja kama ulivyosema. Tulitaka sababu za kukataliwa ziandikwe kwa sentensi nzima yenye kiima na kiarifu. Tulitaka kalenda ya vikao itangazwe mapema ili mwenye miezi sita ajue kama anakimbilia kikao au anakimbilia ukuta. Tulitaka mwombaji ambaye faili lake limecheleweshwa na ofisi aingizwe kwenye kikao kinachofuata bila kuanza upya. Yote hayo bado tunayataka. Lakini tumezungumza kwa muda mrefu na tumejifunza kwamba ukiomba matano unapewa ahadi ya sita.

Kwa hiyo tunapunguza. Kubadilisha kanuni ya "kamati inapokaa" kunahitaji walio juu yako, tunajua, na kutachukua muda. Kupatanisha milango miwili kunahitaji mkutano, na mikutano yenu tunaijua. Kutoa sababu kwa maandishi kunahitaji muda wa kufikiri.

Kujaza kisanduku hakuhitaji chochote kati ya hivyo. Ni sekunde tano. Siku, mwezi, mwaka. Faili likiwa na tarehe ya kupokelewa, mwombaji aliyecheleweshwa ana kitu cha kushika mkononi anapokata rufaa. Anaweza kusema lilifika nikiwa na miaka 32 na miezi saba, hii hapa, mwandiko wenu. Bila tarehe hiyo, anaonekana tu mtu mzima aliyekuja kusumbua. Tunadhani, na utusamehe kama tunakosea, kwamba hiyo ndiyo sababu kisanduku huachwa cheupe.

Tunalirudisha faili lile. Tumeongeza barua mpya ya msamaha, umri umehesabiwa upya kwa vikao viwili vijavyo, uchunguzi wa afya bado una miezi kumi ya uhai. Karatasi ya jalada ni ileile. Kisanduku kiko juu kulia, na tumekizungushia wino wa bluu ili kisikupite.

Wako katika kusubiri,

Waandaaji wa mafaili